Mia na Kumi kwa Sabini

Kijiji nilichofanyia kazi sitakitaja. Kiko juu huku uwandani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Sumbawanga mjini barabara ikiwa kavu, na zahanati yake ni ndogo: vyumba vinne, baraza, tangi la maji ya mvua, na mikaratusi nyuma. Nilikuwa muuguzi mkunga pale kwa miaka tisa. Watu walinijua. Wazee waliniwekea maharage wakati wa mavuno, na wanawake wengi wa kijiji kile walijifungulia mikononi mwangu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ijulikane kwamba aliyefanya ninayoyasimulia hakuwa mgeni, wala mlevi, wala mtu asiyeijua kazi yake.

Mdogo wangu wa kiume anaishi kijiji hichohicho, na analima mahindi na ulezi kwenye mashamba ya marehemu baba. Alioa binti wa Izia, mjini, fundi cherehani. Siku alipoletwa nyumbani alishuka garini amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto. Mama yetu alisema kwa Kifipa, akidhani haelewi, kwamba tumeletewa mke aliyekuja na sindano badala ya jembe. Tukacheka. Wifi yangu alielewa, maana naye ni Mfipa, lakini alitabasamu tu na kutuamkia wote.

Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la watu wanaodeka. Hakuwahi kunikosea chochote. Alinishonea sare mbili za kazi bila kuniomba kitu. Lakini alipokuwa shambani akasimama kunyoosha mgongo, mimi na mama tulitazamana. Alipopata mtoto wa kwanza, binti, na akakaa ndani wiki sita kama alivyofundishwa na mama yake, tulisema ni mambo ya mjini. Mtu ukishamwona hivyo, huoni kingine.

Mashine yetu ya presha ilikuwa na mpira uliopasuka karibu na pampu. Ilifanya kazi, ila ilitaka subira. Ilibidi ubane pale palipopasuka kwa vidole viwili huku ukipampu kwa mkono uleule, na mara nyingi upepo ulitoka kabla hujasikia kitu, ukaanza upya. Tuliomba nyingine tukaambiwa tusubiri. Siku ya kliniki ya wajawazito, ambayo ilikuwa Jumanne, walikuja hata wanawake thelathini, wengine wametembea tangu alfajiri, na wote walitaka kurudi mapema shambani.

Basi nikaanza kuwapima kwa macho. Mwanamke akiingia anaongea vizuri, uso haujajaa, nilimwandikia kwenye kadi mia na kumi kwa sabini. Ni presha nzuri, haimshtui mtu. Niliyemtilia shaka nilimpima kwelikweli. Wakati mwingine niliandika mia na ishirini kwa sabini na tano, ili kadi zisifanane sana. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, kwamba nilikaa nikafikiri namna ya kuzifanya zisifanane. Mchovu angeandika namba moja tu.

Wifi alishika mimba ya pili mwaka uleule paa la kigango chetu lilipong'olewa na upepo. Alikuja kliniki kila alipotakiwa, na kila mara nilimwandikia kwa macho. Alikuwa mtu wa nyumbani, na nilijiambia kwamba nitamwona hata jioni, kukiwa na tatizo nitalijua.

Mimba ilipofika miezi minane alikuja Jumanne moja akiwa wa mwisho kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeshavua koti jeupe. Muuguzi mwenzetu wa mjini alikuwa anafanyiwa kicheni pati, na mzee mwenye duka pale kijijini, Mwislamu mmoja mpole anayepeleka mahindi Sumbawanga kwa pikapu yake, alikuwa amekubali kunisubiri. Nilimsikia anapiga honi barabarani, mara moja tu, kwa adabu.

Wifi alikaa kwenye kiti akaniambia kichwa kinamuuma siku ya tatu sasa, na kwamba akiinama anaona kama vimulimuli. Akasema pia pumzi inambana akilala chali, hadi inabidi aamke akae. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vya mpira vilikuwa vimeacha alama kwenye ngozi. Nilijua maana ya maneno hayo. Nilifundishwa darasani, na mimi mwenyewe nilikuwa nawafundisha akina mama kila Jumanne pale barazani: kichwa, macho, kuvimba, ukiona hivyo usikae nyumbani. Asubuhi ileile nilikuwa nimeyasema, naye alikuwa amekaa benchi la pili ananisikiliza.

Nikamwambia, "Acha kudeka, wifi. Mimba ni mimba."

Hakubisha. Nilimpa vidonge vya damu na panadoli, nikaandika mia na kumi kwa sabini. Kopo la vijiti vya kupimia mkojo lilikuwa mezani mbele yangu, sikulifungua. Kisha nikakimbilia pikapu. Kwenye sherehe nilicheza, na nilisifiwa gauni langu. Alikuwa amenishonea yeye.

Alijifungua mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kuuma. Alikuja zahanati asubuhi akitembea na mama, uchungu ukiwa umekolea. Kwa mwanamke anayejifungua nilikuwa napima kweli, hapo sikuwahi kufanya mchezo. Nikabana mpira, nikapampu, nikasikiliza. Mia na hamsini na tano kwa mia na tano. Nikarudia. Ikaja vilevile.

Nilichopaswa kufanya nilikijua. Kumpa dawa ya kushusha, kupima mkojo, kupiga simu, kutafuta gari, kuandika rufaa. Nikachukua kadi yake ili niandike, nikaona safu yangu: mia na kumi kwa sabini, mia na ishirini kwa sabini na tano, mia na kumi kwa sabini, mia na kumi kwa sabini. Nilifikiria mtu wa hospitali akiisoma kadi hiyo, kisha ampime aone hiyo mia na hamsini na tano, kisha aniulize ilikuwaje. Nikajiambia ni uchungu. Uchungu hupandisha presha, hilo ni kweli, na nililishika ukweli huo kwa mikono miwili. Hata dawa ya kushusha sikumpa, kwa sababu kila dawa huandikwa.

Mtoto alitoka salama, wa kiume, mdogo kuliko nilivyotarajia lakini analia vizuri. Saa chache baadaye nilimpima mama yake tena, ikawa mia na arobaini kwa tisini. Kwangu hiyo ilikuwa kama ruhusa. Niliandika mia na thelathini kwa themanini. Kesho yake asubuhi nikamruhusu, akaenda nyumbani taratibu, mama amembeba mjukuu.

Wiki mbili za kwanza nilipita kumwona mara moja tu. Niliona amekaa mkekani ameegemea magunia ya mahindi, mtoto ananyonya. Alikuwa anakohoa. Mama alikuwa amemwashia jiko la mkaa na amemfunga shuka mbili, akanieleza kwamba ni baridi ya Ufipa, mtu wa mjini haizoei. Alimpikia uji wa ulezi asubuhi na jioni, na alikuwa anamkanda miguu kwa maji ya moto kwa sababu ilikuwa imevimba hadi magotini. Alimhudumia kwa mapenzi, lazima niseme hivyo. Mama hakujua. Mimi nilitazama miguu ile, nikampa dawa ya kikohozi na kapsuli za nimonia, nikaondoka. Sikwenda na mashine. Nadhani niliogopa itakachosema.

Wiki ya tatu, mchana, mdogo wangu alikuja zahanati kwa baiskeli. Hakusalimia. Alisema, "Dada, mke wangu anashindwa kumaliza sentensi."

Nilipanda nyuma ya baiskeli na mashine kwenye mfuko. Tulimkuta ameketi mlangoni, mikono ameiegemeza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mama alikuwa amesimama kando amemshika mtoto, binti wao mkubwa amejificha nyuma ya sketi yake. Nilihangaika na ule mpira mara tatu. Mia na themanini kwa mia na ishirini. Niliposikiliza kifua, mapafu yote mawili yalikuwa yanatokota kama sufuria ya uji.

Mzee wa duka alikuwa amekwisha kupakia mahindi ya kupeleka mjini. Mdogo wangu alipomweleza, hakuuliza mara mbili, alianza kushusha magunia mwenyewe, akaita majirani wamsaidie. Tulimweka wifi mbele, katikati ya mzee aliyeendesha na mimi, kwa sababu hakuweza kulala wala kuegemea nyuma. Mdogo wangu alikaa nyuma kwenye bodi. Nilimpakata mtoto. Njia nzima, kila gari liliporuka kwenye shimo, wifi alishika dashibodi na kufumba macho. Mahali fulani karibu na Pito, mashamba ya ulezi yalipokuwa pande zote mbili na watu wanavuna kwa visu, aliniuliza, kwa neno moja moja, kama ni nimonia. Nikamjibu kwamba hospitali watatuambia.

Hospitali walimpokea haraka. Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alimwekea oksijeni, akamchoma sindano ya kukojoza maji na akampa dawa za presha, na kufikia jioni wifi alikuwa ameweza kusema jina la mwanawe bila kukatika. Siku ya pili walimpiga ultrasaundi ya moyo. Daktari alituita mimi na mdogo wangu kwenye kachumba kake akatuchorea moyo nyuma ya karatasi ya maabara.

Alieleza kwamba mwanamke mjamzito damu yake huongezeka sana, na moyo hufanya kazi kubwa kuliko siku zote. Presha ikipanda juu ya kazi hiyo, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu muda wote. Kwa wengine husababisha kifafa cha mimba. Kwa wengine msuli wa moyo wenyewe huchoka, ukatanuka, ukashindwa kusukuma damu inavyotakiwa, na maji yakarudi kwenye mapafu na miguuni. Wanawake wenye presha ya mimba ndio wanaopatwa zaidi na jambo hili kuliko wengine, alisema, mwishoni mwa mimba au miezi ile ya kwanza baada ya kujifungua. Na shida yake ni kwamba dalili zinafanana na za mimba ya kawaida au za uchovu wa uzazi: kuvimba miguu, kukosa pumzi, kuchoka. Watu huzipuuza.

Mdogo wangu aliuliza kama atapona. Daktari alisema wapo wanaopona kabisa, wapo wanaobaki na moyo dhaifu, na mapema haiwezekani kujua. Kisha akanigeukia, kwa sababu alikuwa ameambiwa mimi ni muuguzi, akaomba kadi ya kliniki.

Nilimpa. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima," alisema. "Hata siku ya kujifungua. Basi hii ilipanda baadaye. Hutokea."

Alinitazama kana kwamba ananiuliza. Mdogo wangu naye alinitazama, na machoni mwake kulikuwa na kitu kama shukrani, kwamba dada yake angalau alifanya sehemu yake. Ningeweza kusema pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watatu tu. Nikasema, "Ndiyo, daktari. Hutokea."

Akaandika hivyo kwenye faili.

Wifi alikaa wodini siku kumi na nane. Alirudi nyumbani na mfuko wa dawa na masharti: asibebe maji wala kuni, asile chumvi nyingi, aje kliniki ya moyo kila alipopangiwa, na asishike mimba nyingine mpaka madaktari waseme. Mdogo wangu alianza kuchota maji mwenyewe, ndoo mbili mbili kwenye baiskeli, na wanaume wenzake walimcheka kisimani hadi wakazoea. Miezi ilivyokwenda, alipopata nafuu, daktari alimpunguzia dawa za presha, kwa kuwa faili lilionyesha mtu ambaye hakuwahi kuwa na presha kabla. Hilo nalo nililijua. Wifi aliniambia kwa furaha, akinihesabia vidonge vilivyobaki. Nilimwambia nafurahi.

Niliendelea na kazi. Nilikuwa nampima kila mwanamke sasa, hata foleni ikifika barabarani, na akina mama wakasifu kwamba nesi siku hizi anajali. Kabla ya Pasaka nilikwenda kitubio. Nilimwambia padre nimesema uongo. Hakuniuliza uongo gani, nami sikumwambia. Nilitoka nikapiga magoti kwenye benchi, nikasali sala nilizopewa, na sikujisikia tofauti yoyote.

Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Siku moja ya Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa uani kwa mdogo wangu tunapukuchua mahindi: mama, mdogo wangu, wifi na mimi. Watoto walikuwa wanacheza na magunzi. Mama alianza kuzungumza, kwa upole kabisa, akiwa hamtazami mtu. Alisema boma la watoto wawili ni boma la upepo. Alisema mjukuu wa kiume ameshaacha ziwa muda mrefu, na mama yake sasa ana rangi, anashona, anakwenda kanisani. Kwani tunangoja nini.

Mdogo wangu alisema hospitali imekataza.

"Hospitali ilisema mpaka waone," mama alijibu. "Na mimi nimeona. Ule ulikuwa ugonjwa wa baridi, nililea mimi. Ingekuwa ni presha ya mimba, muuguzi wetu angeiona. Yuko hapa, aseme. Kadi yake haikuwa nzuri toka mwanzo hadi mwisho?"

Wifi aliinua uso. Niliona kwamba alikuwa anangoja jibu langu kwa hamu kubwa kuliko mama. Naye alitaka mtoto. Alikuwa amekaa miaka miwili akiiamini kadi ile, kwamba mwili wake hauna tatizo la kubeba mimba, kwamba lilikuwa balaa tu lililompata baadaye likapita. Na mdogo wangu aliacha kupukuchua.

Ndipo nilipoelewa kwamba nikinyamaza tena, atashika mimba kwa maandishi yangu.

Nikasema, "Mama, zile namba niliziandika bila kumpima."

Mwanzoni hawakunielewa. Mama alidhani nasema mashine ilikuwa mbovu. Ikabidi nirudie, na kila nilipoanza kutaja mpira uliopasuka nilijisikia nadanganya tena, nikauacha. Niliwaambia kwamba sikumpima hata mara moja mimba ile, isipokuwa siku ya kujifungua, na siku hiyo ilikuwa juu, nikaandika nyingine. Niliwaambia kwamba daktari aliniuliza nikamdanganya. Nikamwambia wifi kwamba akishika mimba nyingine moyo ule unaweza kushindwa, na kwamba asiamini kitu chochote chenye mwandiko wangu kwenye kadi ile.

Wifi aliendelea kupukuchua hindi alilokuwa nalo mpaka likaisha. Akaliweka gunzi chini.

"Nilikwambia kichwa kinaniuma," alisema.

"Uliniambia."

"Nikakwambia naona vimulimuli."

"Ndiyo."

"Nikaenda nyumbani nikajilaumu kwamba nadeka." Hakupandisha sauti. "Hata pale mlangoni, nilipokuwa nashindwa kupumua, nilikuwa najiuliza kama nadeka."

Nilimwomba msamaha. Maneno yenyewe siyakumbuki, nakumbuka tu kwamba yalikuwa mengi mno. Alinyanyuka, akakung'uta makapi kwenye kanga, akamshika mwanawe mkono akaingia naye ndani. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, nenda nyumbani." Alilisema hilo neno dada kama anavyolisema siku zote, ndiyo maana sikuweza hata kujitetea. Mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Nilipopita karibu yake hakunishika.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilipanda gari nikaenda Sumbawanga kumtafuta yule daktari. Nilimsubiri kwenye korido tangu asubuhi mpaka alipotoka wodini, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda masjala mwenyewe, akarudi na faili la wifi, akakaa akalifungua pale alipoandika siku ile.

"Nilimpunguzia dawa kwa sababu ya hii," alisema. "Siku ile ungeniambia."

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Alikata mstari juu ya maneno yake ya zamani, akaandika mapya pembeni na kusaini, kisha akaniambia nimwambie mgonjwa aje wiki hiyohiyo, si mwezi ujao. Nilimwambia kwamba sidhani kama mgonjwa atapokea ujumbe wangu. Akaomba namba ya simu ya mume.

Kwa mganga mfawidhi wa zahanati yetu nilikwenda pia. Alifunga mlango akanishauri nisiliandike popote, kwamba nitaharibu jina la kituo, na kwamba nikitazama vizuri sikuwa peke yangu. Huenda ni kweli. Lakini niliandika barua. Nilipewa onyo la maandishi na nikahamishiwa kituo kingine, si mbali. Wenzangu wawili waliacha kunisalimia kwa sababu baada ya barua ile daftari zao nazo zilikaguliwa. Mashine mpya ililetwa mwezi uleule.

Wifi alirudishiwa dawa zake zote. Walipompima upya walikuta presha ilikuwa imeanza kupanda kimyakimya na moyo ulikuwa bado umetanuka kidogo. Daktari alikaa naye na mdogo wangu akawaeleza wazi kwamba mimba nyingine ni hatari, na wakapanga uzazi kwa njia isiyogusa presha. Mama hakulisema tena jambo la mtoto wa tatu. Nasikia hata kwenye jumuiya, mwanamke mmoja alipolichokoza, mama ndiye aliyemnyamazisha.

Mdogo wangu hakuzungumza nami msimu mzima wa kilimo. Nilimwona kwa mbali akiinua matuta, nikapita. Alianza tena kunisalimia siku ya msiba wa jirani, tulipokutana tumebeba mabenchi, na tangu hapo tumekuwa tukisalimiana. Siku za Jumapili naruhusiwa kufika kwake. Wifi ananikaribisha, ananiwekea kiti, ananipa uji. Watoto wananiita shangazi na wananirukia. Tunaongea habari za mvua, za dagaa wa Kirando kuadimika sokoni, za binti yake anayefanya vizuri shuleni. Akipanda ngazi za kanisa husimama katikati kupumzika, na watu wanaojua humpisha. Mimi huwa nyuma yake, nasimama pia, simsemeshi.

Hajaniambia amenisamehe. Hajasema pia kwamba hatanisamehe. Sijamwomba mara ya pili, kwa sababu nimeona kwamba kumwomba ni kumtwisha mzigo mwingine, na daktari amemkataza mizigo.

Wiki iliyopita alinipigia simu, mara ya kwanza kwa miaka yote hii. Aina moja ya vidonge vyake ilikuwa imekosekana kituoni kwao, mumewe yuko shamba la mbali, akaniuliza kama ninaweza kumtafutia mjini. Nilivipata duka la tatu la dawa, nikaviangalia jina na tarehe mara mbili, nikampelekea mwenyewe. Alitoka mlangoni, akavipokea, akasoma maandishi ya kwenye boksi kwa makini, pande zote, kabla ya kuniangalia.

Zamani aliniita wifi.

"Asante, nesi," alisema, akaingia ndani kuendelea na cherehani yake.